Kofia ya Pichani na Kofia ya Mkononi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake.

Ama baad: Ndugu wasomaji, vijana wetu wengi siku hizi hufungua kurasa katika mitandao ya kijamii, kama Facebook, Instagram na TikTok, wapate kutangaza biashara zao. Na wazazi wengi huuliza: Je, jambo hili lafaa? Jawabu yake ni nyepesi: chombo ni chombo, na hukumu yake hufuata kinachotendwa nacho. Lakini jawabu hiyo mimi niliijua kwa ulimi kabla sijaijua kwa moyo, na baina ya kuijua huku na kuijua kule nilipata aibu. Nimeona ni wajibu wangu kuieleza aibu hiyo, ili aliyemo katika njia ile ile ashike tahadhari, na asiyemo asiingie.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Lamu. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, wala sidai zaidi ya hiyo. Mke wangu hushona kofia za viua, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Asiyeijua kazi hii na aelewe ya kwamba haina haraka. Nguo nyeupe huchorwa maua kwanza, kisha hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kimoja, mpaka ua likamilike. Kofia moja nzuri humchukua mke wangu miezi mitatu au minne, maana hushona baina ya kazi za nyumba, mwangaza wa mchana ukiwa bado upo.

Kwa miaka mingi wanunuzi wetu walikuwa ni wageni wanaokuja kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha katika mwezi wa Mfungo Sita, na watu wa pwani wanaokaa ng'ambo warudipo kutazama jamaa zao. Mwaka 2020 yalipoingia maradhi ya korona, serikali yetu ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje mwezi wa Machi, na mikusanyiko ikakatazwa. Wageni hawakuja. Kofia tatu zilizokwisha kushonwa zilikaa kabatini, zimefungwa kwa karatasi, mpaka karatasi yenyewe ikaanza kugeuka rangi.

Mwaka 2021 mwanangu wa kiume, aliyekuwa amemaliza shule ya sekondari wala hajapata kazi, alinijia akaniambia, "Baba, kofia za mama ni nzuri, lakini ni nani azionaye? Watu siku hizi hutafuta vitu katika simu. Asiyeonekana humo ni kama hayupo." Nikaona maneno yake yana akili, nikampa ruhusa.

Akazipiga picha zile kofia tatu, moja moja, mchana kweupe juu ya mkeka, akafungua ukurasa mmoja Facebook na mwingine Instagram. Kwa muda wa miezi miwili tukapata wafuasi 212, karibu wote ni jamaa na majirani, wala hapana aliyenunua. Ndipo mwanangu aliponiambia ya kuwa kuna watu wauzao wafuasi. "Mtu akifika dukani akalikuta tupu hupita zake, Baba, akikuta watu wamejaa huingia." Akatoa fedha kidogo, na asubuhi ya pili tukawa na wafuasi zaidi ya 5,000. Niliyatazama majina yao: mengine yalikuwa herufi na tarakimu tu, wala hata moja sikulitambua. Kisha akawaomba binamu zake waandike chini ya picha kwamba wamepokea kofia zao na kazi ni safi kabisa, hali ya kuwa hapana hata mmoja wao aliyepata kununua. Mimi niliyaona yote haya. Sikuamrisha, lakini sikukataza. Na ukweli ni kuwa nilifurahi.

Haukupita muda maombi yakaanza kuja, kutoka Mombasa, Nairobi, Unguja, hata Muscat. Mke wangu ana mikono miwili tu. Zile kofia tatu ziliondoka katika wiki moja, na watu waliendelea kuuliza. Mwanangu akampata mfanyabiashara wa jumla huko Mombasa auzaye kofia zilizotiwa nakshi kwa mashine, ambazo bei yake haifiki robo ya bei ya kofia ya mkono. Tukawa twauza kofia za mashine kwa picha za kofia za mkono, kwa bei iliyo baina ya hizo mbili. "Baba," alisema, "hatukuandika popote kuwa hizi zimeshonwa kwa mkono." Na hilo lilikuwa kweli. Tulikuwa tumenyamaza tu. Nami, mwenye kuwafundisha watoto wa watu halali na haramu, nikajiridhisha kwa kunyamaza kule.

Baina ya Magharibi na Isha huwa na darsa ya vijana, na wakati huo tulikuwa tukisoma mlango wa biashara katika Bulughul Maram. Usiku mmoja tukafika kwenye hadithi inayokataza najshi. Nikawaeleza ya kuwa najshi ni mtu kuongeza bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili mwingine ahadaike adhani kitu hicho chapendwa sana. Nikawapigia mfano wa mnada: mwenye mali amemweka rafiki yake katikati ya watu ataje bei kubwa kubwa, kumbe mfukoni hana kitu. Kijana mmoja, umri wake haukupita miaka 15, akainua mkono. "Maalim, na mtu akinunua wafuasi wasiokuwapo, ili watu wadhani duka lake lina wateja wengi, huyo naye amefanya najshi?"

Sijui kama alikuwa ameuona ukurasa wetu au aliuliza kwa kutaka elimu tu. Sikumuuliza. Nilimwambia, "Swali hilo ni refu, tutalirudia," nikaomba dua, tukafunga vitabu. Ndugu msomaji, swali lile halikuwa refu. Jawabu yake ilikuwa ni neno moja, na neno lenyewe lilinishinda kulitamka.

Siku ya tatu yake ikaja khabari kutoka Muscat. Mzee mmoja mwenye asili ya pwani yetu alikuwa amenunua kofia mbili, yake na ya mjukuu wake. Hakuandika, alituma sauti yake. Alisema kwa upole kwamba kofia zimefika, kwamba ameigeuza moja ndani nje na kupitisha kidole gumba juu ya uzi wake, na kwamba mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa mshonaji, basi kidole chake chaijua kazi ya mashine. Kisha akasema: "Sitaki fedha zangu. Nataka kuuliza neno moja tu. Yule aliyezishona zile za katika picha, amekufa? Kama amekufa nipeni jina lake nimsomee Fatiha."

Nilimsikilizisha mke wangu sauti ile. Yeye alijua ya kuwa twauza kofia za mashine, lakini hakujua ya kuwa twaziuza chini ya picha ya kazi yake, kwani yeye hana shughuli na mitandao. Alinyamaza kitambo, sindano mkononi. Kisha akasema, "Maalim, mmenizika nami ni hai."

Tangu siku ile naijua hukumu ya jambo hili kwa namna nyingine. Hapo kabla nilidhani khiyana katika biashara ni ya yule apunguzaye mizani, ambaye Mwenyezi Mungu amemuonya katika Sura ya Al-Mutaffifin. Nilisahau ya kuwa mizani si ya ratili na pishi peke yake. Macho ya mnunuzi nayo ni mizani, naye aliye mbali hana macho ila yale tunayompa sisi.

Kumbukeni khabari ya lile fungu la nafaka, kama alivyoipokea Abu Huraira katika Sahihi Muslim. Bwana Mtume (S.A.W.) alipita kwenye nafaka iliyorundikwa, akatia mkono wake ndani, na vidole vikakuta umaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru kwamba ilipigwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulowevu juu watu wakauona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tazameni vizuri: mtu yule hakusema uwongo wowote. Hakunadi kuwa nafaka yote ni kavu. Alinyamaza tu, akaacha sehemu kavu iseme kwa niaba yake. Na sisi picha ndiyo iliyokuwa sehemu kavu, na kofia ya mashine ndiyo iliyokuwa chini yake.

Kumbukeni tena makatazo ya kumfunga maziwa ngamia au mbuzi. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa wakimwacha mnyama siku kadha bila ya kumkama, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni wa maziwa mengi. Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza hilo, akampa mnunuzi aliyehadaika khiyari ya siku tatu: akitaka abaki naye, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Enyi vijana, picha iliyosafishwa kwa programu mpaka rangi yake si rangi ya bidhaa, ni nini hiyo kama si kiwele kilichofungwa? Na wafuasi walionunuliwa, na sifa zilizoandikwa na watu wasionunua, ni nini hizo kama si yule rafiki aliyewekwa mnadani? Hata nchi ya Marekani, isiyohukumu kwa sharia yetu, mwaka 2024 tume ya serikali yake inayosimamia biashara iliweka kanuni ya kukataza sifa za uwongo za wateja na kuuza au kununua wafuasi wa bandia. Haya kwetu yamekatazwa tangu miaka 1,400 iliyopita, na mwenye kuyasomesha alikuwa akiyatenda nyumbani kwake.

Basi tukafanya tulilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Mimi na mwanangu tulikaa usiku mmoja tukaandika majina ya wote waliouziwa kofia za mashine, walikuwa 11. Tukamwandikia kila mmoja ukweli, tukampa khiyari: airudishe kofia nasi tumrudishie fedha zake zote pamoja na gharama ya kutuma, au abaki nayo nasi tumrudishie kilichozidi bei yake ya haki. Saba walibaki nazo, watatu walirudisha, na mmoja hakujibu. Fedha yake imewekwa hata leo. Nasi fedha hizo tulikuwa tumekwisha kuzila, tukakopa kwa shemeji yangu, na deni lake tulilimaliza kwa mwaka na nusu. Yule mzee wa Muscat nilimpigia simu mimi mwenyewe. Nilimwambia, "Mshonaji yu hai, ni mke wangu, nasi ndio wenye makosa." Akacheka kidogo, akasema, "Alhamdulillahi. Basi mwambie nangoja."

Usiku wa darsa iliyofuata nililirudia lile swali. Nikamwambia yule kijana mbele ya wenzake, "Naam, ni katika maana ya najshi, nami najua kwa sababu nimefanya." Nilidhani heshima yangu imekwisha. Hapana aliyecheka. Na tangu siku ile vijana wameniuliza maswali ya kweli kuliko yote waliyopata kuniuliza.

Sasa asije mtu akafahamu ya kuwa nasema kurasa hizi zifungwe. La. Mwanangu alisema kweli aliposema kuwa asiyeonekana ni kama hayupo, na riziki hutafutwa. Tulifunga kurasa zile za kwanza, tukaanza upya bila ya mfuasi hata mmoja, na yale tuliyojifunza nayaeleza hapa, kwani huenda yakamfaa kijana mwenye cherehani, au mama mwenye kupika vitu vya kuuza, au fundi wa seremala.

La kwanza, jina la biashara liwe moja pahala pote. Liandikwe kwa herufi zile zile Facebook, Instagram, katika WhatsApp ya biashara, na katika ramani ya Google, pamoja na namba ile ile ya simu, mtaa ule ule, na saa zile zile za kazi. Kila ukurasa uonyeshe njia ya kwendea mwenzake. Mtu atafutapo katika intaneti, mashine za kutafutia hulinganisha khabari hizi. Zikiafikiana huaminika zaidi, na zikigongana humchanganya mashine na mtu pia. Sisi kwanza tulikuwa na majina mawili na namba mbili, ndiyo maana hata jamaa zetu hawakutupata.

La pili, andika maneno. Picha nzuri peke yake haitoshi, kwa sababu mwenye kutafuta huandika maneno. Chini ya kila picha sasa twaandika ni kofia ya namna gani, imeshonwa wapi, kwa nguo gani, kwa muda gani, na kipimo chake cha kichwa. Na twaandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwa kuwa wanunuzi wetu ni wa lugha hizo. Kofia ya mashine ikiwapo, twaandika "kofia ya mashine" mwanzo wa maneno, si mwisho. Huo ndio ulowevu, na pahala pake ni juu.

La tatu, onyesha kazi yenyewe. Mke wangu hakupenda sura yake ionekane, na hiyo ni haki yake. Basi mwanangu hupiga picha ya mikono na sindano na nguo, wiki hii ua limefika hapa, wiki ijayo limefika pale. Sikutarajia, lakini hizo ndizo zinazopendwa kuliko picha za kofia zilizokwisha. Mtu aonaye miezi mitatu ya kazi hauliza tena kwa nini bei ni kubwa.

La nne, sifa ziandikwe na walionunua. Mtu akipokea kofia yake humwomba aandike alichokiona, kizuri na kibaya. Mmoja aliandika kuwa tulichelewa wiki mbili. Tuliliacha neno lake lisomwe, tukamjibu kwa kumwomba radhi. Wateja wawili baadaye walituambia kuwa jibu lile ndilo lililowafanya watuamini.

La tano, wafuasi wachache walio hai ni bora kuliko maelfu wafu. Mwanangu amenifahamisha ya kwamba mtandao huwaonyesha baadhi ya wafuasi wako kila unachokiweka, na wasipokijali haukipeleki mbali. Basi wale 5,000 wa bandia, ambao hawatazami wala hawaulizi, walikuwa wakituziba tusionekane na watu wa kweli. Hasara ilikuwa ya dunia kabla haijawa ya akhera.

Na la sita, mwenye kuuza kwa oda afuate adabu za biashara ya salam. Bwana Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha mbele kwa matunda ya mwaka na miaka miwili, akawaamuru wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, na uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Sisi leo mteja akituma fedha humwandikia aina ya nguo, namna ya ua, kipimo cha kichwa, na tarehe. Yasiyojulikana hatuyaahidi. Masharti mengine kila mtu amuulize mwanachuoni wake, kwani mimi ni mwalimu wa watoto tu.

Leo ukurasa wetu una wafuasi 640. Si wengi, lakini wengi wao huuliza, na baadhi yao hununua. Majirani wawili wamejiunga na mke wangu kushona, na jina la kila mshonaji, kwa ridhaa yake, huandikwa katika karatasi iendayo pamoja na kofia. Anayeipokea ajua ni mikono ya nani. Yule mzee alingoja miezi minne akapata kofia yake, akaituma tena sauti yake kumwombea dua mshonaji, mara hii dua ya aliye hai.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi wenzangu. Tusiwaachie watoto wetu kurasa hizi kwa kuwa sisi hatuzijui. Simu hatuijui, lakini halali na haramu twazijua, na mtoto aliyekaa na simu peke yake hungoja mtu wa kumuuliza. Mwanangu hakuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyetaka mama yake ale kwa kazi ya mikono yake, na baba yake aliyekuwa pembeni aliona kosa akalifurahia. Kaeni nao. Waulizeni: Wafuasi hawa ni nani? Sifa hii ameiandika nani? Kilichomo katika picha ndicho kitakachotiwa katika bahasha?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wauzao kwa ukweli na ubainifu, atutilie baraka katika kichache cha halali, na atusitiri makosa yetu duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.